Hatua ya Mtu wa Mwisho

Ukisimama Karatu mjini asubuhi isiyo na mawingu na kutazama magharibi, mlima unaoziba upeo ni Oldeani. Kimo chake kinakaribia mita 3,200. Mabega yake yamevaa msitu, na ndani ya msitu huo kuna mianzi iliyosongamana kiasi kwamba nyati hupita humo kwa vichochoro walivyovitoboa wenyewe. Chini yake, tangu alfajiri, magari ya utalii yanafuatana kwenye lami kuelekea geti la Lodoare, yamejaa watu wanaokwenda kutazama shimo.

Ndivyo tulivyozoea kuijua Ngorongoro, wageni kwa wenyeji. Tunapanda hadi ukingoni, tunatazama chini, tunashuka na gari, tunawaona simba na faru, tunarudi kulala. Kreta ile inastahili sifa zake zote. Sakafu yake ni kilomita za mraba kama 260, kuta zake zina kimo cha mita 600 hivi, na katika kaldera za dunia ambazo hazijabomoka wala kujaa maji hakuna inayoipita kwa ukubwa. Lakini imetufanya tuipe kisogo safu nzima ya milima iliyoizunguka. Nyuma ya mtazamaji anayepiga picha ukingoni kuna Loolmalasin, unaopita mita 3,600 na ambao kwa urefu ni wa tatu nchini baada ya Kilimanjaro na Meru. Ni Watanzania wangapi waliowahi kulisikia jina hilo darasani? Kuna Makarot, ambao ramani nyingine zinauandika Lemagarut. Kuna Olmoti, Sadiman, Empakaai yenye ziwa tumboni, Kerimasi, na mwisho kabisa kaskazini, peke yake kwenye tambarare, Oldoinyo Lengai ambao bado una moto.

Milima hiyo yote ni ya volkeno, na karibu yote inapandika kwa miguu. Sura hii inahusu kuipanda mkiwa kundi, na ina jambo moja la kushikilia: mwendo wa kundi ni mwendo wa yule anayetembea nyuma ya wote. Kila uamuzi, tangu kununua vitunguu mpaka kuchagua njia ya kushukia, unapaswa kuanzia kwake. Kundi linalopangwa kwa kipimo cha kijana mwenye mapafu ya chuma huishia kugawanyika, na katika milima hii kugawanyika kuna hatari ambayo nitaieleza mbele kidogo.

Safari nzuri huanzia Karatu, siku moja kabla. Mji uko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, na kwa mtu aliyetoka Dar es Salaam au Tanga usiku mmoja wa kulala hapo humpa mwili nafasi ya kuanza kuzoea hewa. Siku hiyo haipotei bure, maana Karatu ni mahali pa kununua. Ukibahatika kufika tarehe 7 utaukuta mnada, ambao huvuta watu kutoka vijiji vya Wairaqw vya pande zote, na Wamaasai na Wabarbaig pia, na humo kuna kila kitu kuanzia mbuzi hadi viatu vya matairi. Usipobahatika, soko la kawaida linatosha. Vitunguu hutoka Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, ambako mashamba yananyweshwa kwa chemchemi. Viazi, karoti, kabichi na maharage hutoka kwenye mashamba mekundu yanayouzunguka mji.

Kuhusu maharage nina neno zito. Kadiri unavyopanda, ndivyo maji yanavyochemka kwenye joto dogo zaidi. Ufukweni yanachemka kwa nyuzi 100. Karibu na mita 3,000 yanatokota kwenye nyuzi 90 hivi, na sufuria inaweza kufurukuta jioni nzima huku maharage yakibaki magumu. Gesi inaisha, watu wanalala na njaa, na asubuhi kundi zima linatembea vibaya. Makande yachemshwe Karatu hadi yaive, yapoe, yafungwe. Kule juu yatapashwa moto tu pamoja na kitunguu na nyanya. Wali unakubali ukiongezewa muda na mfuniko mzito. Ugali haupati shida. Uji wa asubuhi usikosekane, kwa kuwa mtu anayesikia kichefuchefu kwa sababu ya mwinuko hataki kutafuna chochote, lakini kikombe cha uji wenye sukari atakinywa. Na kila kitu kipikwe kwa gesi, kwa sababu huko tunakokwenda kila kuni ni sehemu ya msitu uliohifadhiwa.

Baada ya chakula, mitumba. Aliyekulia pwani haamini kwamba ndani ya Tanzania kuna usiku wa Julai unaoweza kumkosesha usingizi kwa kutetemeka. Kwenye kingo za kreta joto la usiku kati ya Juni na Agosti hushuka hadi karibu na nyuzi 5, na pale palipo wazi kwa upepo hushuka zaidi. Fulana ya pamba, ambayo ndiyo nguo yetu ya kila siku, ni mbaya mlimani: inalowa jasho wakati wa kupanda, haikauki, na mkisimama kupumzika inanyonya joto lote la mwili. Vibanda vya mitumba vya Karatu vina masweta ya sufu na makoti ya kuzuia upepo kwa bei ambayo mwanafunzi anaimudu. Kila mtu awe na sweta, koti la mvua, kofia inayofunika masikio, soksi nzito na tochi ya kichwani. Viatu viwe vimekwisha kuzoeana na miguu. Kucha za vidole vya miguu zikatwe usiku huohuo, kwa sababu kwenye mteremko mrefu kidole gumba hugonga ncha ya kiatu kila hatua, na kucha ndefu hugeuka kidonda kabla ya saa sita mchana.

Jambo la mwisho la kufanya Karatu ni kukaa pamoja baada ya chakula cha jioni na kuambiana ukweli. Nani ana pumu? Nani anatumia dawa ya presha? Nani aliumia goti miaka ya nyuma na hajawahi kulijaribu mlimani? Mbele ya watu wengi wazee hawapendi kusema, na vijana huona aibu zaidi ya wazee. Kiongozi mwenye busara huzunguka kwa mmoja mmoja. Kisha anachagua watu wawili, mmoja wa kutangulia na mmoja wa kufunga msafara, na anayefunga msafara awe ndiye mwenye nguvu kuliko wote, mtu wa maneno machache na moyo mpana, kwa sababu siku nzima atatembea polepole kuliko anavyotaka na hatakiwi kuonyesha hata kwa pumzi kwamba anachelewa.

Ukishapita Lodoare, lami imekwisha na msitu umeanza. Barabara inapanda kwa kona hadi ukingoni, na kutoka hapo gari linauzunguka ukingo wa mashariki hadi Nainokanoka, kijiji kilichokaa kwenye nyasi chini ya Olmoti. Hapo ndipo miguu inapoanza kazi. Mamlaka ya Hifadhi ya Eneo la Ngorongoro hairuhusu mtu kutembea Olmoti wala Empakaai bila askari wa uhifadhi mwenye bunduki, na watu wanaoliona sharti hilo kuwa usumbufu hawajawahi kukutana na nyati dume mzee akiwa amelala ndani ya kichaka cha njiani.

Nyati wa kundi mara nyingi hukimbia. Yule mzee aliyeachana na kundi lake ndiye wa kuogopwa: anajificha kwenye kivuli kizito, na akishtukizwa karibu hushambulia. Askari anatembea mbele, anasoma kinyesi na nyayo, anasikiliza upepo unatoka wapi. Akiinua mkono, kundi linasimama na kunyamaza. Akiashiria kurudi nyuma, kundi linarudi taratibu bila kukimbia. Utaratibu huo unafanya kazi kwa sharti moja, kwamba kundi liwe kundi kweli. Watu kumi na wawili walioshikana mwendo wanachukua njia isiyozidi urefu wa uwanja mdogo, na bunduki moja inawatosha wote. Walewale wakitawanyika, watatu mbele wakishindana na wanne nyuma wakipiga picha, bunduki inawalinda watatu. Hiyo ndiyo hatari niliyoitaja. Ukiielewa, hutaona tena kumsubiri mtu wa mwisho kuwa ni hisani anayofanyiwa.

Olmoti ni mlima wa kuanzia. Kutoka kituo cha Nainokanoka hadi ukingo wa kreta yake ni kama saa moja kwa mwendo wa utulivu, nusu ya njia ikiwa ndani ya msitu wenye miti iliyovishwa kuvumwani. Kreta ya Olmoti haina kina, ni bakuli pana la nyasi, na ng'ombe wa Wamaasai walilishwa humo kwa vizazi vingi. Ndani yake kunatiririka kijito kinachokusanya maji, kinapenya mahali ambapo ukuta umepasuka, kisha kinajitupa chini kwa maporomoko. Huo ndio mto Munge. Ukisimama kwa uangalifu karibu na ukingo wa maporomoko na kuyafuata maji kwa macho, utaona yanakwenda wapi: yanashuka hadi ndani ya Ngorongoro yenyewe na kuishia kwenye ziwa la magadi ambalo watalii hulipiga picha wakiwa garini, wasijue maji yake yanatoka mlima gani.

Mimi huwaomba watu wakae hapo muda mrefu kuliko walivyopanga. Pepo zinazotoka Bahari ya Hindi zinapanda mteremko wa mashariki wa milima hii, zinapoa, zinaacha maji. Upande huo wenye msitu hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka. Upande wa pili, Olduvai na tambarare zake, hupata nusu ya hiyo au pungufu. Msitu wa Nyanda za Juu Kaskazini, ulio juu ya mashamba ya Karatu, unashika ukungu na mvua na kuviachia taratibu ardhini. Mkulima wa kahawa anayelima kwenye mpaka wa msitu, mama anayechota maji mtaani Karatu, kitunguu cha Mang'ola kilichomo kwenye sufuria ya kambi, vyote vinakunywa kutoka huku. Mtu aliyepanda Olmoti kwa miguu yake na kuliona jambo hilo kwa macho hahitaji bango la kumwambia asikate mti.

Upande wa magharibi wa kreta ya Ngorongoro kuna mlima mwingine mzuri kwa kundi, Makarot. Unazidi mita 3,100, ni mkavu, nyasi zake ni ndefu na miteremko yake ni mikali kuliko inavyoonekana ukiwa barabarani. Sehemu za juu watu huinama na kushika ardhi. Sifa yake kubwa ni kile kilichoko chini yake. Ukiwa begani kwa Makarot unaangalia eneo la Laetoli, ambako mwaka 1978 timu ya Mary Leakey ilikuta nyayo zilizobaki kwenye majivu ya volkeno yaliyolowa mvua na kuganda, nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili miaka milioni 3.66 iliyopita. Wawili wanaonekana wazi, mkubwa na mdogo, wakienda sambamba. Watafiti wengi wanasema kulikuwa na wa tatu, aliyekanyaga mlemle alimokanyaga yule mkubwa. Miaka ya karibuni wanasayansi wa Kitanzania, Fidelis Masao na Charles Musiba wakiwa miongoni mwao, walitangaza nyayo nyingine zilizofukuliwa si mbali na zile za kwanza, zikielekea upande uleule.

Nimewaona vijana wakichoka kusikiliza historia darasani. Sijamwona hata mmoja aliyechoka kusikiliza habari ya Laetoli akiwa amekaa begani kwa Makarot, buti zake zimejaa vumbi la volkeno, na mwenzake wa nyuma akiwa ametoka kupanda kwa kukanyaga alama za buti zake.

Turudi mashariki. Kutoka Nainokanoka barabara inavuka bonde pana la nyasi la Embulbul, Loolmalasin ukiwa mkono wa kulia, kisha inapanda hadi ukingo wa Empakaai. Hapa ndipo pa kupiga kambi. Sehemu ya juu kabisa ya ukingo inapita mita 3,200. Palipo na kambi ni chini ya hapo, lakini baridi haijali tofauti hiyo. Siku ikiwa safi, kutoka upande wa kaskazini mashariki unaiona Lengai ikiwa imechongoka, nyuma yake weupe wa Ziwa Natron, na mbali zaidi Kilimanjaro.

Mahema yasimamishwe kabla jua halijazama, milango ikiupa upepo kisogo, na yakaribiane. Chakula chote kilale ndani ya gari au kwenye masanduku yaliyofungwa, hata pipi, hata dawa ya meno, kwa sababu fisi wana pua na hema ni kitambaa tu. Anayetaka kwenda msalani usiku amwamshe mwenzake. Waangaze tochi pande zote kabla ya kutoka na watafute macho yanayong'aa. Maji ya kunywa yawekwe ndani ya hema, na chupa moja ya maji ya moto iingizwe kwenye mfuko wa kulalia, miguuni. Mtu anayelala na miguu ya moto huamka akiwa na nusu ya nguvu za siku inayofuata.

Na hapo kambini, kikombe cha chai ya tangawizi kikiwa mkononi, ndipo dalili za mwinuko hujitokeza. Kichwa kinauma, hamu ya kula inakata, usingizi unakuja vipandevipande. Kwa kimo cha Empakaai mara nyingi ni jambo dogo, linatulizwa na maji mengi, chakula na usiku mmoja. Mtu akianza kuyumba anapotembea, au kuchanganya maneno, au kukohoa huku akihema akiwa amekaa, dawa yake ni moja tu, kushushwa, usiku huohuo, gari likiwa na mafuta ya kutosha na dereva anayeijua njia. Kwa hiyo dereva naye ni mtu wa kundi na alale vizuri.

Siku ya kushuka ziwani huanza saa moja asubuhi, baada ya uji. Empakaai ni kaldera: mlima ulitema magma yake, chumba kilichokuwa chini yake kikabaki kitupu, paa likaporomoka ndani. Kilichobaki ni shimo lenye upana wa kilomita kama 6, na chini yake ziwa la magadi lenye kina cha mita 80 hivi, jambo la ajabu katika maziwa ya magadi ya ukanda huu, ambayo mengi yana kina kifupi kiasi cha heroe kutembea katikati. Njia ya kushuka inatumbukia moja kwa moja msituni. Ni mita kama 300 za kimo, mteremko mkali, udongo wa majivu uliochanganyika na majani yaliyooza. Ukavu unaufanya vumbi, mvua inaufanya sabuni. Machi hadi Mei nisingempeleka mtu hapo.

Kushuka ndiko kunakoumiza. Wengi huogopa kupanda kwa sababu kupanda kunaonekana kwenye pumzi, lakini magoti huharibikia mteremkoni. Fupisha hatua. Kunja goti kidogo kabla ya kutua mguu. Geuza mguu ubavu pale panapoteleza. Fimbo iende mbele, na iwe ndefu kuliko ya kupandia. Palipo na mizizi na mawe tumia mikono bila aibu: viungo vitatu vishike, kimoja kisogee. Usishike mmea usioujua, kwani upupu umejaa kando ya njia na huwasha hata kupitia suruali. Anayedondosha jiwe apige kelele “Jiwe!” hata kama ni dogo, na kwenye korongo jembamba mtu apite peke yake huku wengine wakisubiri pembeni, kamwe wasisubiri chini yake. Mfuatano uwe hivi: askari, mtangulizi, kisha wale dhaifu, kisha wenye nguvu, kisha anayefunga msafara. Aliye dhaifu, ambaye vinginevyo angekuwa wa mwisho, akiwekwa mbele, mwendo unajipanga wenyewe na hakuna anayemkimbiza. Akiachwa nyuma, atafika kila kituo wakati wenzake wanainuka kuondoka, na hivyo yeye anayehitaji mapumziko kuliko wote ndiye asiyeyapata kabisa.

Kwenye msitu huo kima wanaruka juu, na ukiwa na bahati pongo anavuka njia kwa woga. Halafu miti inafunguka ghafla, na ziwa liko mbele yako, kijani kibichi katikati, waridi kandokando wakati heroe wapo. Sauti yao inasikika kabla hujawaona vizuri. Watu hunyamaza hapo bila kuambiwa. Kaeni, kuleni, msiwakaribie ndege kiasi cha kuwarusha, na muangalie ukuta mlioshuka, kwa sababu mtapanda huohuo.

Kupanda kurudi huchukua karibu mara mbili ya muda wa kushuka. Mtangulizi aende kwa kasi ambayo mtu anaweza kuzungumza sentensi nzima bila kukata pumzi. Wakikaa kimya wote, amekwenda haraka mno. Wapagazi wa Kilimanjaro wameufanya mwendo wa pole pole ujulikane dunia nzima, na watu wetu wengi wanaupuuza kwa kudhani ni wa Wazungu. Anayetoka mbio hufika katikati amekaa chini, mikono magotini. Niliyemshuhudia akifika juu bila kusimama mara nyingi alikuwa mwalimu mstaafu, mama mwenye zaidi ya miaka sitini, aliyepanda akiwa ameshika fimbo ya mgunga, nasi tukamfuata kwa hatua yake.

Fimbo hiyo alipewa na Mmaasai wa boma la jirani. Nitasema neno juu ya watu hao, maana njia zote za milima hii ni zao. Hakuna aliyezichora kwenye karatasi. Zimechimbwa na kwato za ng'ombe na punda waliokuwa wakienda kunywa maji na kulamba chumvi. Hifadhi ilipoanzishwa mwaka 1959 ilikubaliwa kwamba watu, mifugo na wanyamapori vitaishi pamoja humo, na mpangilio huo ni sehemu ya sifa iliyoifanya Ngorongoro ijulikane. Tangu mwaka 2022 serikali imekuwa ikiwahamishia wakazi Msomera, wilayani Handeni, ikisema wanaondoka kwa hiari. Wapo wanaopinga, na Agosti 2024 maelfu waliandamana barabarani wakidai haki na huduma zao. Mjadala huo ni mkubwa kuliko sura hii. Ninachokijua kwa miguu yangu ni kwamba njia isiyokanyagwa humezwa na nyasi na upupu kwa misimu michache, na kwamba layoni, mvulana wa Kimaasai, wa miaka kumi anayechunga ndama kijijini Bulati anajua wapi nyati walilala jana. Mwenye ujuzi huo akiondoka, ramani haitaujaza. Kwa hiyo mkipita karibu na boma, simameni. Msalimieni mwanamume “Sopai”, atajibu “Ipa”. Mwanamke “Takwenya”, atajibu “Iko”. Mwiteni mama mzee yeyo. Msipige picha kabla ya kuomba, na mkikodi punda wa kubeba mizigo, lipeni mliyokubaliana bila kupunguza mwishoni.

Punda hao ndio wanaowezesha hatua inayofuata, kwa kundi ambalo magoti yake bado yanakubali. Kutoka Empakaai njia inashuka hadi kijiji cha Nayobi, kisha kwenye miteremko yenye migunga, na siku ya pili yake inateremka ukingo wa Bonde la Ufa hadi joto la kijiji cha Ngare Sero. Ni kushuka kutoka sweta hadi fulana ndani ya siku mbili. Lengai inakuwa kando yenu wakati wote. Ina mita 2,962, ililipuka kwa nguvu kati ya 2007 na 2008, na ndiyo volkeno pekee hai duniani inayotoa lava ya kaboneti, lava isiyozidi nyuzi 600 hivi, nyeusi kama tope inapotoka na nyeupe ikishapata unyevu. Weupe wa kileleni ambao wageni hudhani ni theluji ndio huo. Hupandwa kuanzia usiku wa manane ili kukwepa jua, kwa kati ya masaa matano na saba, na sehemu ya juu ni mwamba na majivu yanayohitaji mikono. Si mlima wa kundi lote. Wachache wanaoweza waende na mwongozaji wa kijijini, na saa ya kugeuza ikubaliwe kabla ya kuondoka.

Wanaobaki chini wasidhani wamepoteza. Ngare Sero ina nyayo zake, zaidi ya 400, zilizokanyagwa kwenye tope la majivu ya Lengai na watu kama sisi, zamani kati ya miaka 5,000 na 19,000 iliyopita. Mwaka 2020 watafiti walitoa uchambuzi wa mistari 17 ya nyayo hizo inayokwenda upande mmoja kwa mwendo wa kutembea, na wakaona kuwa wengi wa waliozikanyaga walikuwa wanawake watu wazima, pengine wakitafuta chakula pamoja. Mkiruhusiwa kuzitazama, msizikanyage.

Kutoka hapo gari linarudi kusini kwa barabara ya vumbi hadi Mto wa Mbu, na kutoka Mto wa Mbu lami inaukwea ukingo wa Bonde la Ufa hadi Karatu. Katikati ya njia hiyo ya vumbi ipo Engaruka, yenye mabaki ya kuta na mifereji ya mawe ya wakulima walioishi hapo karne kadhaa zilizopita kwa kunywesha mashamba yao maji ya milima hii hii. Ni mwendo mfupi, tambarare, na kila mtu anaweza kushuka garini.